Rafiki wa Mama kule Hanang, na posa iliyomfanya Mama afunge mbuzi waliokwisha fungwa

Wakuu, shikamooni mliozaliwa kabla mkoa wa Manyara haujawa mkoa. Mliozaliwa baadaye, mambo vipi.

Mimi ni mwanafunzi wa fomu tatu, nyumbani Maretadu, Mbulu. Shuleni nina sifa ya uongo. Nikisema mvua inanyesha, wenzangu wanatoka nje kuhakikisha.

Ila hapa sijaongeza kitu. Nilichobadilisha ni majina tu, maana Baba anajua kutumia fimbo na binamu yangu anajua kutumia intaneti.

Niiteni Boay.

Kwetu tuko wavulana watatu, mimi ndiye mkubwa. Mama ana majirani, ana wanajumuiya wa kanisani, ana watu wa kumsalimia kila kona. Lakini rafiki, yule wa kucheka naye mpaka kanga inadondoka, anaye mmoja tu. Mama Sesilia. Ni mama wa Kibarbaig, wale wafugaji ambao wengine huwaita Wamang'ati, wa kule bondeni Hanang, upande wa Basotu.

Kila tukishavuna, Mama anashuka kwake na debe la maharage na kurudi na samli na maziwa mgando. Mama Sesilia naye akipandisha kwetu, Baba anahama sebuleni bila kuambiwa, kwa sababu wale wawili wakianza kucheka redio haisikiki.

Sasa mimi ni mtu wa kuchunguza. Na kuna vitu vilikuwa vinanikereketa.

Mama anaongea Kibarbaig kama kazaliwa nacho. Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema mnadani. Wakuu, mnadani mtu anajifunza kusema "bei gani" na "punguza". Hajifunzi nyimbo za kubembelezea watoto. Mama anazo, na mdogo wangu wa mwisho kalelewa nazo.

Halafu nguo. Tukienda mnadani, Mama anainamia rundo la mitumba na kuchagua gauni la msichana. Nyumba ina madume matatu! Na kila mwaka gauni linaongezeka urefu. Baba aliwahi kuuliza, akajibiwa, "Za binti wa rafiki yangu." Baba akaridhika. Baba ni mtu wa kuridhika.

Na pamoja na urafiki wote huo, sisi watoto hatukuwahi kupelekwa Hanang hata siku moja. Wala huyo Sesilia hakuwahi kuletwa kwetu. Nikiuliza walijuana wapi, jibu ni lile lile: "Wodini Haydom, nilipokuwa nakusubiri wewe."

Basi. Likizo ya mwezi wa sita mwaka jana akaja Mama Mkubwa.

Huyu ni dada wa Mama, tumbo moja. Kiongozi wa kwaya. Akikaa kwenye kiti unadhani katumwa kukikagua. Siku hiyo alikuja anacheka tangu getini, na sisi hata geti hatuna. Mwanawe Daudi, dereva wa bodaboda Haydom, kapata mchumba! Fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea pale pale Haydom, binti ana adabu mpaka Mama Mkubwa mwenyewe kaona aibu.

Akatoa simu, akatuonyesha picha.

"Na hamjui ni nani? Sesilia! Binti wa rafiki yako yule Mmang'ati!"

Nikapiga kelele mimi wa kwanza. Baba akacheka, akamwambia Mama, "Haya, rafiki amekuwa mkwe. Sasa mtacheka kihalali."

Mama akaipokea simu. Akaangalia. Akairudisha.

"Mzuri," akasema. Akatoka nje kufunga mbuzi.

Mbuzi nilikuwa nimewafunga tangu saa kumi.

Nikamfuata. Nikamkuta anamfungua mbuzi mmoja, anamfunga, anamfungua tena yule yule. Mbuzi mwenyewe anashangaa.

"Mama, hujafurahi?"

"Nimefurahi."

"Kama huo ndio uso wa furaha, wa msiba ukoje?"

Hakunipiga, wakuu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku mbili baadaye akaniambia nivae, tunashuka Hanang. Maharage hayajapurwa, yako uani yanasubiri, yeye anaenda kutembea. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema, "Kwa sababu nikikuacha hapa na hayo maswali yako, utayapeleka kwa baba yako."

Basi mpaka Haydom, kisha bodaboda. Tulipopita kijiwe cha kina Daudi, Mama alijifunika kanga usoni kama mtu mwenye jino bovu.

Mama Sesilia alitupokea mlangoni pa boma. Hakucheka. Walishikana mikono, wakakaa chini kivulini mwa ukuta, wakaongea Kibarbaig muda mrefu. Mimi nilipewa maziwa nikakaa nayo kimya, nikidaka nilichoweza. Nilisikia Daudi. Nilisikia Sesilia. Nikasikia Mama anavuta kamasi.

Kisha Mama Sesilia akanigeukia, kwa Kiswahili.

"Boay, kwenu mtoto wa mama mkubwa ni nani wako?"

"Kaka yangu, mama."

"Anaweza kumuoa dada yako?"

"Haiwezekani. Lakini mimi sina dada, mama."

Akamwangalia Mama. "Umemsikia? Mwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kukusemea."

Mama akaniambia. Aliniambia akiwa anawaangalia ndama, si mimi.

Sasa msiojua mila zetu, sogeeni. Zamani kwetu sisi Wairaqw, msichana akishika mimba kabla ya kuolewa, hakuruhusiwa kujifungulia kwao wala kwa jirani. Iliaminika nyumba hiyo inaingia mwiko. Hakuna anayeingia, hawachangiwi moto wala maji, na ng'ombe wa mahari hawapokelewi pale mpaka mwiko uishe. Kwa hiyo binti alifukuzwa kabla tumbo halijafika mwisho. Wengi walishukia kwa Wabarbaig, ambao walimpokea mama na mtoto wake bila maswali.

Kanisa lilipiga vita jambo hilo miaka mingi. Mpaka miaka ya tisini, ule wakati biashara zimeachiwa na mitumba imeanza kufika mpaka kwetu, nyumba nyingi zilishaacha. Ya babu haikuwa mojawapo.

Mama alikuwa msichana aliyemaliza la saba. (Msiniulize baba wa mtoto ni nani. Niliuliza, nikapewa kofi moja lenye maelezo yote.)

Alimwambia mtu mmoja tu: dada yake. Walikuwa wanalala kitanda kimoja. Wakapanga kwamba Mama ataenda kwa shangazi Mbulu mjini, babu asijue kitu. Dada akamwahidi kwamba hatasema.

Lakini dada mwenyewe alikuwa ameposwa. Ng'ombe wake walikuwa waje baada ya mavuno. Akaanza kuwaza: shangazi akikataa? Tumbo likionekana hapa? Nyumba ikiingia mwiko, ng'ombe watarudishwa, na mchumba atatafuta pengine.

Asubuhi akamwambia babu. Babu hata uso alikuwa hajamaliza kunawa.

Mama alitolewa siku hiyo hiyo, akiwa na blanketi tu.

Alitembea siku mbili. Akakutwa kisimani na mke kijana wa Kibarbaig, aliyekuwa ameolewa miaka minne bila mtoto, na kwa mume wameshaanza kumwangalia kwa pembeni. Yule mke akamuuliza kitu kimoja tu: "Umekula?" Akampeleka nyumbani, akamwambia mama mkwe wake, "Huyu ni mgeni wangu." Hakueleza zaidi.

Sesilia alizaliwa humo. Mama alimnyonyesha mpaka akaacha ziwa, kisha akarudi kwao akasema mtoto alikufa, kwa sababu pale nyumbani hakuna aliyetaka kusikia jibu lingine. Mtoto akabaki na yule mke, ambaye tangu siku hiyo akaitwa Mama Sesilia na hakuna aliyemwangalia tena kwa pembeni.

Babu alimwonya Mama: ukiolewa, mume wako akijua, atakurudisha, na huku mlango hakuna. Baba akaja kumuoa akitokea upande wa pili wa wilaya, hajui lolote. Na hakuambiwa.

Kwa hiyo wakuu, miaka kumi na saba nimekuwa nakula paja la kuku kwa cheo kisicho changu. Mimi ni wa pili! Mama alipomaliza nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikageukia ndama.

Hapo wale wawili wakaanza kugombana, kwa Kiswahili safari hii, nadhani ili niwe shahidi.

"Nitaikataa posa mimi," alisema Mama Sesilia. "Nitasema sitaki mkwe Mwiraqw. Watanitukana, wataondoka, yataisha."

"Wakutukane mbele yangu, na mimi nimekaa upande wao?"

"Kaa. Umenyamaza miaka ishirini na mbili, siku moja itakushinda?"

"Na Sesilia utamwambiaje?"

"Nitamwambia nina roho mbaya. Atanichukia, kisha atanizoea. Wewe ukifukuzwa mara ya pili, safari hii na mumeo, nani atakuzoea?"

Mama hakukubali. Hakukataa pia. Tukarudi Maretadu hivyo hivyo.

Mimi nikajaribu njia yangu. Nikamfuata Daudi kijiweni nikamwambia kwamba Wabarbaig humpima mkwe kwa kumfungia zizini na dume kali, mkwe akiruka ukuta posa imekufa. Daudi akafikiri kidogo. Akauliza, "Dume lina pembe kubwa?" Nikasema kubwa sana. Akasema, "Kwa Sesi, nitakaa nalo." Nikaona huyu mtu keshaharibika, hana dawa.

Jumamosi tukashuka kuposa. Baba, Mama, Mama Mkubwa, wazee wawili wa ukoo, Daudi ndani ya suti ya mtu mwingine, na mimi. Mume wa Mama Sesilia alitupokea vizuri, mzee mpole, fimbo magotini. Naye alikuwa anajua kila kitu. Nilijua kwa jinsi alivyokwepa kumwangalia Mama.

Mzee wetu akaeleza lililotuleta. Maneno mazuri, marefu. Alipomaliza, Mama Sesilia akasimama.

"Hapana. Binti yangu haolewi kwa Wairaqw."

Basi. Akakaa.

Mama Mkubwa alipanda kama maziwa yanayochemka. "Sisi tumekuja na heshima zetu! Nyie watu wa kunuka samli, wa kulala na ndama, mngepaswa kutushukuru! Mwanangu ana pikipiki! Binti yenu angekufa akichunga!"

"Nimesikia," alisema Mama Sesilia. "Malizia maziwa yako uende salama."

Nikamtazama Mama. Alikuwa anakunja pindo la kanga, analikunjua, analikunja. Wazee wakaanza kuokota fimbo zao. Nikajua mpango umekaribia kufanikiwa. Tutaondoka, siri itabaki, na Mama Sesilia atabaki na matusi.

Daudi akasimama.

"Samahanini wazee. Mimi na Sesi tulishakubaliana. Mkikataa leo, Jumatatu tunapanda basi la Babati. Mtatusikia tukishakuwa na mtoto."

"Ndiyo," ikatoka sauti nyuma yetu. Ni Sesilia, amesimama mlangoni. Ndiyo mara ya kwanza namwona kwa macho. Paji la uso ni la Mama. Sijui kwa nini wengine hawakuliona.

Mama akasimama.

"Daudi, kaa chini. Huyo ni dada yako. Nimemzaa mimi."

Mzee mmoja alikuwa anakohoa. Aliacha katikati.

"Lakini ulisema mtoto alikufa!" Mama Mkubwa alilipuka, na kwa kusema hivyo akawa amemthibitishia Baba kila kitu. Nadhani aligundua neno lilipokwisha kutoka.

Mama akamjibu taratibu. "Nilisema. Na wewe ulisema hutasema."

Mama Mkubwa akakaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini kwenye vumbi, na gauni lake la kwaya. "Nilikuwa nimeposwa," akasema.

Baba alikuwa anamwangalia Mama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Hapo Mama Sesilia akatoka upande wake, akavuka pale katikati, akamshika Mama mkono. Akamwambia Baba, "Shemeji, kama unamfukuza, mfukuzie hapa hapa. Njia ya kwangu anaijua."



Sesilia aliwaangalia wale mama wawili walivyoshikana. Akaingia ndani, akatoka na begi, akaenda barabarani. Daudi akamkimbilia na pikipiki. Hakupanda. Alitembea, na Daudi akasukuma pikipiki pembeni yake mpaka tukaacha kuwaona.

Nyumbani, Baba hakumfukuza Mama. Alihamia chumbani kwetu. Sisi watatu na Baba, wakuu, na Baba anakoroma kama mashine ya kusaga. Na Mama alikuwa anatenga chakula, Baba anakula, anasema asante, basi. Kila jioni niliona Mama anakunja nguo zake upya sandukuni. Alikuwa anasubiri kuambiwa aondoke.

Siku moja tunapasua kuni nikashindwa kuvumilia.

"Baba, umemkasirikia Mama kwa ajili ya yule mtoto?"

"Mtoto hajanikosea kitu." Akapasua gogo. "Nimekaa na mtu miaka kumi na tisa ananiogopa, na mimi sijui. Nilikuwa nafanya nini cha kuogopwa?"

Nikamwekea gogo jingine.

Na Haydom nako mambo magumu. Mama alienda kwa Sesilia, akamkuta kwenye chumba chake cha kushonea. Sesilia akakanyaga cherehani tu, hakuinua uso, mpaka Mama akaondoka. Mama Sesilia naye akaenda siku nyingine, aliyemlea toka mchanga, akaambiwa, "Nina kazi za watu." Wakapigiana simu jioni. Hawakucheka. Mama alikuwa amepoteza binti, na rafiki yake amempoteza huyo huyo.

Kisha asubuhi moja Baba akaniamsha. "Vaa viatu." Mkononi ana koti lake la Jumapili. Hakusema tunaenda wapi, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza.

Tulishuka Haydom. Akauliza watu, tukaonyeshwa. Akaingia kama mteja.

"Shikamoo," Sesilia alisema bila kuangalia.

"Marahaba. Koti limeachia kwapani."

Akalipokea. Akainua uso, akaniona mimi kwanza, kisha Baba. Alitujua. Mkono ulisita kidogo juu ya gurudumu la cherehani.

"Kaeni," akasema.

Tukakaa. Akashona. Baba alimtazama muda wote, si kwa ubaya, alimtazama vile anavyotazama shamba la mtu mwingine lililolimwa vizuri. Koti likaisha, Baba akalivaa, akanyoosha mikono juu kama trafiki.

"Unashona vizuri," akasema. "Na hasira unazo kama za mama yako."

"Mama yupi?"

Baba akafikiri. Alifikiri kweli kweli, ameshika kitasa.

"Wote wawili."

Sesilia akabana midomo. Mimi najua kicheko kinachozuiliwa, ndiyo kazi yangu darasani. Kilikuwa kicheko.

Tukatoka. Tumeshafika barabarani akatokea mlangoni, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Baba."

Baba akageuka haraka sana.

"Waambie wale mama, Jumapili nipo. Waje wote. Akija mmoja peke yake simfungulii."

Jioni ile Baba alibeba blanketi lake akarudi chumbani kwake. Kupitia mlango uliofungwa nilimsikia Mama anaeleza, anaeleza, na Baba anaitikia "ehee" kama mtu anayesikiliza redio anayoipenda.

Jumapili wale wawili walikutana stendi ya Haydom wakaenda pamoja. Sikuchukuliwa. Mama alirudi jioni macho yamevimba, ana njaa ya kula sufuria. Nimeuliza kilichosemwa kule ndani mara nyingi kuliko nilivyowahi kuuliza swali lolote, na mpaka leo sijaambiwa hata nusu neno. Ninachojua ni kwamba Sesilia amekuja kwetu mara mbili tangu hapo, na Daudi amehamia Babati na pikipiki yake. Hapokei simu zangu. Simlaumu.

Nilichojifunza ni hiki. Mama alidhani miaka yote hiyo siri ndiyo iliyomlinda. Siyo. Siri ilikuwa inamla taratibu. Aliyemlinda ni mtu mmoja aliyekuwa anaijua, na hakuwahi kumdai lolote kwa kuijua.

Sasa nawaachia uwanja, maana jambo moja bado. Wiki iliyopita Mama Mkubwa ametuma ujumbe kwamba anataka kuja nyumbani kuzungumza na mdogo wake. Baba amesema ni uamuzi wa Mama. Mama amempigia Mama Sesilia, na Mama Sesilia amesema, "Akija, niite na mimi." Mama bado hajajibu.

Nyie mngemfungulia? Semeni ukweli, hata kwa ukali. Nasoma kila kitu mpaka bando likate.